Marekani Kati ya Vita Viwili (Sehemu ya Tatu): Askari Waliokwenda Kudai Chao

Wiki iliyopita tulieleza anguko la soko la hisa la New York mwaka 1929. Leo tuwafuate waliopigana Ulaya mwaka 1918, kisha wakajikuta hawana kazi.

Mwaka 1924 Bunge la Marekani liliwapitishia askari hao kiinua mgongo: dola 1 kwa kila siku ya utumishi nchini, dola 1.25 kwa kila siku ya ng'ambo. Wengi hawakupewa fedha taslimu, bali hati itakayolipwa mwaka 1945. Aliyefariki kabla ya hapo, wangelipwa warithi wake. Mwaka 1932, karibu robo ya wafanyakazi wakiwa hawana ajira, nani angeweza kungoja miaka 13?

Walter Waters, sajini wa zamani, aliondoka Portland, Oregon, na mamia ya wenzake, wakidandia mabehewa ya mizigo kuelekea Washington. Habari zikaenea. Walipokusanyika walikaribia 20,000, baadhi yao na wake na watoto.

Kambi kuu ilikuwa Anacostia, kwenye uwanda wa matope ng'ambo ya mto. Walijenga vibanda kwa mabati chakavu, maboksi na mabodi ya magari mabovu, vitu vya kuokota jalalani. Wakapanga mitaa, wakachimba vyoo, wakatoa hata gazeti lao. Kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni kwamba weusi na weupe waliishi humo pamoja, ilhali jeshi lililowapeleka vitani liliwatenga. Roy Wilkins wa NAACP, chama cha kutetea haki za Wamarekani weusi, alifika na kuyashuhudia hayo.

Tarehe 15 Juni Baraza la Wawakilishi liliukubali muswada wa kuwalipa mara moja. Siku mbili baadaye Seneti ikaukataa. Maelfu hawakuondoka. Tarehe 28 Julai polisi walianza kuwatoa kwenye majengo ya katikati ya mji, na risasi zao zikawaua wawili. Rais Hoover akaliita jeshi. Jenerali Douglas MacArthur akaja na vifaru, askari wa farasi na mabomu ya machozi. Hoover alituma agizo jeshi lisivuke mto. MacArthur akavuka, na usiku ule vibanda vya Anacostia vikateketea.

Picha za moto ule zilienea magazetini, na katika uchaguzi wa rais wa Novemba Hoover akashindwa vibaya na Roosevelt. Naye Roosevelt hakutaka kulipa. Bunge lilipitisha malipo Januari 1936 kwa kuitangua kura yake ya turufu.

Kumbukumbu ya 1932 iliwaelemea wanasiasa hata vita vya pili. Mwaka 1944, kabla askari hawajarudi, sheria ikawaandalia karo za vyuo, dhamana ya mikopo ya nyumba na posho ya wasio na kazi. Ila utekelezaji wake uliachwa mikononi mwa benki na maofisa wa majimbo, na huko Kusini askari weusi walinyimwa sehemu kubwa ya haki hizo.