Kompyuta Inajivuta? Angalia Waya Kabla ya Kulipia Intaneti Zaidi

Siku hizi hakuna neno linalosemwa sana katika ofisi za vikundi kuliko hili: "Mtandao unajivuta." Likishasemwa, wote hukubali, chai huletwa, na kazi husimama. Halafu kamati hukaa na kuamua kulipia intaneti kubwa zaidi. Sisi nasi nusura tufanye hivyo. Katika toleo hili tungependa kuwaeleza jinsi tulivyogundua kwamba shida yetu haikuwa kwa kampuni ya intaneti hata kidogo. Ilikuwa chini ya mlango wetu wenyewe.

Ofisi yetu ina kompyuta tano za mezani. Zamani zilikuwa na Windows 10, na Microsoft ilipoacha kuihudumia kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, mashine zenyewe zilikuwa zimezeeka mno kupokea Windows 11. Badala ya kuzitupa tuliziwekea Linux, ile inayoitwa Ubuntu, ambayo hailipiwi. Zote zimeunganishwa kwa waya mpaka kwenye swichi, yaani kile kisanduku chenye matundu mengi na taa ndogo ndogo, na swichi imeunganishwa na ruta inayoleta intaneti. Kompyuta moja ndiyo inayotunza hesabu za vikundi vya kuweka na kukopa. Kila Ijumaa karani wetu huinakili folda nzima, kama gigabaiti 20, kwenda kwenye kompyuta ya chumba cha pili, ili hata radi ikipiga tusipoteze akiba ya mtu. Akimaliza kunakili ndipo anachapa taarifa.

Kazi hiyo ilikuwa ikichukua saa nzima, na siku nyingine zaidi. Ijumaa moja akina mama wa kikundi kimoja walingojea taarifa ya mikopo yao mpaka matatu ya mwisho ikawaacha. Lawama zote zikamwangukia karani.

"Dada, kazi ndogo namna hii utaimaliza lini?" mwenyekiti akamwuliza mbele ya watu.

"Mzee, mimi nimebonyeza tu. Mashine ndiyo inatembea hivyo."

Wengine wakasema ati Linux ya bure ni bure kweli. Kamati ikaleta pendekezo tutoke kwenye kifurushi cha megabiti 20 twende cha megabiti 40, tulipe zaidi kila mwezi. Karibu tupige kura.

Sasa hebu tufikiri pamoja. Folda ile ilikuwa ikitoka chumba cha kwanza kwenda chumba cha pili, kupitia swichi. Haikuwa ikitoka nje ya nyumba hata hatua moja! Hata kama tungelipia megabiti elfu, isingefika mapema hata kwa dakika moja. Kuna njia mbili hapa. Ya kwanza ni ya ndani, kati ya kompyuta na swichi na ruta, na hiyo ni mali yetu. Ya pili ni ya nje, kutoka ruta kwenda duniani, na hiyo ndiyo tunayoilipia. Mtu asiyejua ni njia ipi iliyoharibika atatengeneza ile isiyo na shimo.

Kabla hatujaenda mbali, neno moja juu ya vipimo, kwa maana linaleta ugomvi mwingi. Kampuni za intaneti huhesabu kwa megabiti. Kompyuta inaponakili faili huhesabu kwa megabaiti. Baiti moja ni biti nane. Kwa hivyo kifurushi cha megabiti 20 kikifanya kazi vizuri kabisa, utaona kwenye kioo megabaiti 2.5 tu kwa sekunde, au pungufu kidogo. Hujaibiwa. Gawa kwa nane kwanza, ndipo ukasirike.

Kwa waya wa ndani hesabu ni hiyo hiyo. Waya unaokwenda kwa megabiti 100 hupitisha kama megabaiti 11 kwa sekunde. Ule wa megabiti 1000, ambao ndio wa kawaida kwa kompyuta zilizotengenezwa miaka ya karibuni, hupitisha kama megabaiti 110. Gigabaiti 20 kwa waya wa 100 ni nusu saa. Kwa ule wa 1000 ni dakika tatu au nne, kama diski inaweza. Sisi tulikuwa tunatumia saa nzima, kwa hivyo hata nusu saa hatukuwa tunaipata.

Jambo la kwanza tulilofanya halikuhitaji ujuzi wowote. Tuliuliza: ni mashine zote au ni moja? Tulichukua laptopu inayofanya kazi vizuri, tukaichomeka kwenye waya wa karani. Ikajivuta. Tukaichomeka kwenye waya wa chumba cha pili, ikaenda mbio. Hapo tayari tukajua kwamba kompyuta ya karani haina kosa, wala Linux haina kosa, wala karani hana kosa. Jaribio hili ni la dakika tano. Tunasikitika kwamba tulimlaumu mtu kwa miezi mitatu kabla ya kulifanya.

Baada ya hapo tuliiuliza kompyuta yenyewe. Linux ina uzuri mmoja: ukiiuliza vizuri inakuambia mambo yote. Fungua dirisha la kuandikia amri, lile jeusi, uandike:

ip link

Itakuonyesha majina ya kadi za mtandao. Ile inayoitwa lo iache, hiyo ni ya ndani ya mashine. Ya waya huanza na herufi en au eth, na ya wifi huanza na wl. Yetu inaitwa enp3s0. Yako inaweza kuwa na jina jingine, na hilo ndilo utakaloandika. Kisha andika:

sudo ethtool enp3s0

Ikikuambia haina programu hiyo, iweke kwa sudo apt install ethtool. Patatokea mistari mingi, lakini wewe tafuta minne tu. Speed ni mwendo. Duplex ni namna ya kuzungumza: Full maana yake pande zote mbili zinaongea na kusikia kwa wakati mmoja, Half maana yake zinapokezana kama zile redio za polisi. Auto-negotiation ni mapatano: kadi na swichi zinaulizana zenyewe mwendo unaowezekana. Link detected inakuambia kama waya umeshika.

Yetu ilisema Speed: 100Mb/s. Kadi ni ya 1000, swichi imeandikwa 1000 ubavuni, na bado walipatana kwa 100. (Swichi yako ikiwa imeandikwa 10/100 tu, basi umefika mwisho wake, hata waya mpya hautasaidia.) Kwa nini wakubwa wawili wapatane kwa mwendo mdogo? Mara nyingi jibu ni waya ulio katikati yao.

Waya wa mtandao una nyuzi nane ndani, zimesokotwa mbili mbili, yaani jozi nne. Mwendo wa 100 hutumia jozi mbili peke yake: uzi wa 1 na wa 2, na wa 3 na wa 6. Mwendo wa 1000 unataka jozi zote nne. Sasa uzi mmoja wa zile jozi nyingine ukikatika, kadi nyingi hujaribu 1000, zikashindwa, zikarudi kimya kimya kwenye 100. Hakuna taa nyekundu wala kengele. Mtandao unafanya kazi, ila unachechemea, na hakuna anayeambiwa.

Lakini 100 peke yake haielezi saa nzima. Kwa hiyo tukaandika amri nyingine:

ip -s link show enp3s0

Chini ya RX pana hesabu ya errors, yaani vifurushi vya habari vilivyofika vimeharibika. Hesabu hiyo isomwe mara mbili: isome, nakili faili kubwa, isome tena. Kama haijasogea, hayo ni makosa ya zamani, achana nayo. Yetu ilikuwa ikipanda tukiiangalia. Kifurushi kikiharibika hutupwa na hutumwa tena, na mbaya zaidi, kompyuta inayotuma ikiona vinapotea hupunguza mwendo yenyewe, ikidhani njia imejaa. Ndiyo maana makosa machache tu yanaweza kuharibu mwendo wote.

Tulinyoosha waya mwingine sakafuni, kutoka kwa karani mpaka kwenye swichi, tukiruka viti. Mara ile ile: Speed: 1000Mb/s. Makosa: hakuna.

Basi tukautoa ule wa zamani, na hapa tunakiri. Waya ule tuliuweka sisi wenyewe Jumamosi moja, harambee ya vijana na wazee, ili tusimlipe fundi. Ulipita chini ya mlango wa chuma, na kila mlango ulipofungwa uliubana. Uzi wa kahawia ulikuwa umekatika ndani ya ngozi yake. Na tulipotazama plagi tukaona kosa la pili: rangi tulizipanga jozi baada ya jozi, kwa kupendeza macho. Kile kipimio cha bei nafuu chenye taa nane kiliwaka zote siku ile, tukapiga makofi. Kipimio hicho hujua tu kama uzi umefika upande wa pili. Hakijui kama uzi wa 3 na wa 6 vimesokotwa pamoja, na msokoto ndio unaozuia kelele za umeme. Mpangilio unaotumika sana ni huu, ulimi wa plagi ukiwa chini na waya ukiingia kutoka upande wako, kuanzia kushoto: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Angalia kwamba kijani zimetenganishwa na bluu zimeingia katikati. Inaonekana kama kosa, na ndiyo sahihi.

Mkinunua waya, ulizeni kama ni shaba tupu. Kuna ule wa aluminiamu uliopakwa shaba juu. Ni mwepesi na wa bei ya chini, lakini hukatika upesi na haukubaliki kwa vipimo vya kazi hii. Aina ya Cat 5e inatosha kabisa kwa mwendo wa 1000, na urefu usipite mita 100.

Mkitaka kupima njia ya ndani bila kuhusisha diski wala intaneti, wekeni iperf3 kwenye kompyuta mbili. Kwenye ya kwanza andika iperf3 -s. Andika pia hostname -I katika dirisha la pili ili upate anwani yake. Kwenye kompyuta nyingine andika iperf3 -c, acha nafasi, kisha anwani hiyo. Njia nzuri ya 1000 hutoa kama megabiti 940, na ya 100 hutoa kama 94. Sisi baada ya waya mpya tulipata 940. Folda ya Ijumaa sasa inachukua dakika tano hivi, na hapo kinachochelewa ni diski zetu kuukuu.

Kuna makosa mengine ambayo hayakutupata lakini mwenzetu anaweza kukutana nayo. Ukiona Duplex: Half, uliza kama kuna mtu aliyelazimisha mwendo kwa mkono upande mmoja. Upande mmoja ukilazimishwa Full na mwingine ukiachwa upatane, huu wa pili huangukia Half, na mtandao hukwama vibaya hasa watu wakiwa wengi. Rudisha mapatano kwa sudo ethtool -s enp3s0 autoneg on, na kwenye swichi vile vile. Mtandao ukiwa unakatika na kurudi, andika sudo dmesg | grep enp3s0. Ukiona Link is Down na Link is Up zikifuatana, gusa plagi na tundu, na ukumbuke kama radi ilipiga hivi karibuni. Kadi nyingine husumbuliwa na mpango wa kubana umeme, ambao huzimwa kwa sudo ethtool --set-eee enp3s0 eee off, ingawa mashine ikizimwa mpango unarudi. Na kama kurasa zinachelewa kuanza kufunguka lakini zikianza zinakuja mbio, mwendo si shida. Ni yule mtafutaji wa majina ya intaneti, na hiyo ni habari ya toleo lingine.

Pendekezo la megabiti 40 liliondolewa. Katika kikao hicho hicho mwenyekiti alisimama akamwomba karani msamaha, naye akajibu, "Mzee, yamepita, ila tafadhali mlango huo ukatwe kidogo chini." Umekatwa, na waya sasa unapita juu ya dari ndani ya bomba la plastiki, panya asiufikie.

Koleo la kubana plagi na kile kipimio viko ofisini kwetu. Kikundi kinachotaka kuviazima kije na plagi zake na kiandike jina kwenye daftari la karani, siku yoyote isipokuwa Ijumaa asubuhi.