Je, Wajua? Shahidi wa Miaka 14

Kizito alikuwa na miaka kama 14 tu alipochomwa moto kwa ajili ya imani yake huko Namugongo, Uganda, tarehe 3 Juni 1886. Alizungushiwa matete, akafungwa, akawashiwa moto. Siku chache kabla ya hapo alikuwa amebatizwa usiku na Karoli Lwanga, ambaye hakuwa padri bali msimamizi wa vijana wa ikulu. Mwaka 1964 Papa Paulo VI aliwatangaza wote wawili watakatifu. Na Jimbo Katoliki la Malindi nchini Kenya, linalofika hadi Garsen na vijiji vya delta ya Tana kama Ozi, liliundwa tarehe 2 Juni 2000, mkesha wa sikukuu yao.

Wapo wanaosema kijana wa umri huo ni kanisa la kesho. Sheria ya Kanisa yenyewe haisemi hivyo. Akitimiza miaka 14, amri ya kutokula nyama siku zilizowekwa inamhusu kama mtu mzima. Akitimiza 16, anaweza kumsimamia mtu kwenye ubatizo: anakabidhiwa imani ya mwenzake. Utasema si kila kijana ni Kizito. Kweli, lakini hata Kizito alikuwa na Lwanga wake. Ndiyo kazi ya utume wa vijana parokiani: kumpa kila mmoja mkubwa wa kumshika mkono. Ozi, ambako wakazi wengi ni Waislamu na Wakatoliki ni wa kuhesabika, mkubwa mmoja wa namna hiyo anazidi ukumbi mzima wa semina.