Nasaba ya Kiskoti Hutafutwa Pande Mbili za Bahari

Waskoti wana vyeti vinavyosema mengi. Uandikishaji wa vizazi, ndoa na vifo ulipoanza kuwa wa lazima tarehe 1 Januari 1855, cheti cha kifo kilitakiwa kutaja baba na mama wa marehemu, na mama akaandikwa pamoja na jina la ukoo aliozaliwa. Mzee aliyefariki Glasgow mwaka 1860 akiwa na miaka 80 anaweza kukufikisha kwa wazazi waliozaliwa katikati ya karne ya 18, kwa karatasi moja tu. England, ng'ambo ya mpaka, cheti cha kifo cha mtu mzima wa wakati huo hakikutaja wazazi. Vyeti hivyo, pamoja na sensa za kuanzia 1841, leo husomwa kwenye tovuti ya serikali ya ScotlandsPeople, na wengi huamini kuwa kazi hii inamtosha mtu mmoja na kompyuta yake. Nasema haimtoshi. Ndugu wa mbali ni sehemu ya ushahidi wenyewe.

Ugumu uko kabla ya 1855, wakati uandikishaji ulikuwa mikononi mwa makarani wa parokia za kanisa. Rejista kongwe kuliko zote za Kanisa la Uskoti, ya parokia ya Errol, huanzia 1553, lakini parokia nyingi za Nyanda za Juu na visiwani zilichelewa mno kuanza. Waumini wa madhehebu yaliyojitenga mara nyingi hawakuandikwa, na kati ya 1783 na 1794 kodi ya peni tatu kwa kila tukio iliwafukuza maskini kwa karani. Na ni Nyanda za Juu hizo hizo ambako wapangaji walihamishwa kwa nguvu kupisha kondoo, wengi wao wakaishia Nova Scotia, Ontario au Australia. Hivyo ushahidi uligawanyika pamoja na watu. Aliyebaki Sutherland, huko huko Nyanda za Juu, ana cheti. Kitukuu wa aliyeondoka ana Biblia ya familia yenye tarehe za watoto ambao karani hakuwaandika, au jina la kijiji lililochongwa juu ya kaburi huko Cape Breton, Nova Scotia. Desturi ya majina husaidia kiasi, maana mwana wa kwanza aliitwa jina la babu mzaa baba na wa pili la babu mzaa mama, ila haikufuatwa na wote. Katika parokia iliyojaa akina Donald Mackay, barua moja iliyohifadhiwa na tawi jingine huamua yupi ni yupi.

Wapo watakaosema jina la ukoo linatosha. Halitoshi: wapangaji wengi walichukua jina la chifu wao bila kuwa damu yake, na jina MacGregor, lililopigwa marufuku mwaka 1603, halikuachiwa kabisa hadi 1774, hivyo wazao wa waliokuwa nalo wamo ndani ya koo nyingine. Kipimo cha DNA nacho kina kikomo. Vilembwe wa mtu mmoja kwa kawaida huonekana kuwa ndugu, lakini kwa vilembwekeza takriban nusu hawaonekani. Tena kipimo huonyesha undugu bila kumtaja babu. Jina la babu atalitoa ndugu mwenyewe.

Pingamizi zito zaidi ni la faragha, kwani vitabu vya mabaraza ya kanisa vimejaa wanawake walioitwa kuhojiwa kwa kuzaa nje ya ndoa. Hapa Uskoti yenyewe imeweka mpaka wa busara: picha za vyeti huwekwa mtandaoni baada ya miaka 100 kwa vizazi, 75 kwa ndoa na 50 kwa vifo. Walio hai waachwe nje. Lakini kumficha mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa mwaka 1830 ni kuwakata wazao wake wote, na wao hawakutenda kosa lolote. Anayemwandikia ndugu aliyeko Otago, New Zealand, asimpelekee mti wa ukoo mtupu. Ampelekee picha ya ukurasa, jina la parokia na mwaka, na aseme waziwazi ni wapi amekisia, ili kisio lake lisije likanakiliwa kama ukweli.