Kabla hujapiga picha kaburini, uliza ni la nani

UKISIMAMA ufuoni Kibuyuni maji yamekupwa, utaona kina mama wameinamia mashamba yao ya mwani, na ng'ambo kisiwa cha Wasini. Wapiga picha wengi huishia hapo: mwani, ngalawa, machweo. Mimi nilitaka kitu tofauti.

Kwenye simu nilikuwa nafuatilia vijana wanaozunguka Ulaya wakipiga picha kasri za Uskoti na makaburi ya kale yaliyoota kuvu. Nikajiuliza, kwani sisi hatuna? Nikaenda Shimoni, nikapanda boti hadi Wasini.

Tunayo, tena si haba. Wasini kuna magofu ya nyumba za mawe ya matumbawe, na kaburi la mnara lililopachikwa vyombo vya kauri kutoka Uchina, vilivyoletwa na biashara ya Bahari Hindi. Ukija Diani, kuna Msikiti wa Kongo chini ya mibuyu, mahali Mto Mwachema unapoingia baharini. Ni wa kale lakini bado unasaliwa.

Basi siku hiyo nikapanda juu ya ukuta wa kaburi moja, mwenzangu akanipiga. Picha ikatoka safi. Jioni ikawa mtandaoni, laiki zikamiminika.

Kesho yake mzee mmoja wa mtaani akaniita. Hakunigombeza. Aliniuliza tu kama ningelikanyaga kaburi la babu yangu vile. Akaniambia waliolala pale ni babu za watu, na wapo wanaowasomea dua hadi leo. Nikaifuta. Iliniuma, sitasema uongo. Sijawahi kuweka picha iliyopendwa kama ile.

Ila mzee hakusema niache kupiga picha. Alitaka nirudi nipige vizuri, maana kuta zinaanguka na chumvi haina huruma. Na kuna wezi pia. Makaburi mengi ya minara pwani yamebaki na matundu ya duara, alama ya bakuli zilizobanduliwa. Picha ndiyo shahidi wa kilichokuwepo.

Tazama Gede, kule Kilifi, mji uliotiwa kwenye orodha ya Turathi za Dunia mwaka 2024. Kaburi moja pale lilichongwa mwaka wa 802 Hijria, yaani 1399. Maandishi kama hayo yakimomonyoka kabla ya kunakiliwa, tarehe nayo inapotea.

Kwa hivyo, ukitaka kujaribu, anza kwa kuomba ruhusa. Kaya Kinondo, msitu mtakatifu wa Wadigo, utavishwa kaniki kabla ya kuingia, na usitoe kamera mpaka wenyeji wakubali. Hili si la kwetu peke yetu: hata kwenye makaburi ya chini ya ardhi ya Paris, kupiga picha kwa flashi hakuruhusiwi.

Pili, nenda asubuhi au alasiri. Jua la mchana huua nakshi zote. Jua la kando huziinua. Tatu, usimwagie maandishi maji wala kuyapaka chaki ili yaonekane. Sogea, badilisha pembe. Weka kalamu au rula kando ya jiwe watu wajue ukubwa wake. Andika mahali na tarehe. Na tafadhali, miguu chini.

Nilirudi Wasini juma lililofuata, saa kumi na mbili unusu asubuhi. Nilipiga nikiwa njiani, sikugusa kitu. Nilipomwonyesha mzee, aliikuza picha kwa vidole viwili, akanyamaza kitambo, halafu akaanza kunihadithia koo za kisiwani, nani alizaa nani, nani alihamia wapi. Nikawasha kinasa sauti cha simu.

Picha hiyo bado sijaiweka mtandaoni. Namalizia kwanza kuandika majina.