Mtoto anayeanguka darasani: watafiti wametufundisha nini?



Sisi wote tunajua siku ya proklamasio. Wazazi wanakusanyika kwenye kiwanja cha shule, direkta anasoma majina na asilimia, na watoto waliopita wanamwagiwa poda kichwani kwa furaha. Lakini pembeni kuna mtoto ambaye jina lake halikusomwa. Mwaka uliopita pia halikusomwa. Jioni, nyumbani, maneno yanaanza: ni mvivu, ni mjinga, amelogwa. Na mara nyingine linakuja neno baya kuliko yote: yeye mwenyewe ni mchawi.

Sisi wachungaji tumeletewa watoto wa namna hiyo. Tunamkumbuka mvulana mmoja wa miaka tisa. Mama yake alituomba tumwombee kwa sababu shuleni walisema hatii maagizo na ana roho ya uasi. Tuliomba, tukafunga siku tatu. Hakuna hata mmoja wetu aliyewaza kumwita kutoka nyuma ili kuona kama atageuka. Miezi mingi ilipita, ndipo muuguzi wa kituo cha afya alipotazama masikio yake na kukuta usaha wa siku nyingi. Mtoto hakuwa mwasi, alikuwa hasikii vizuri. Tangu siku ile tuliona haya, tukaanza kusoma yale ambayo watafiti wa saikolojia wameyaandika juu ya wanafunzi wenye mahitaji ya pekee. Leo tunataka kuwagawia machache.

Tuanzie Paris. Mwaka 1904 serikali ya Ufaransa iliunda tume ya kuchunguza watoto walioshindwa kufuata masomo ya kawaida. Kabla ya hapo mtoto aliweza kutengwa kwa maoni tu: mwalimu huyu anasema hana akili, daktari yule anasema anazo. Alfred Binet, pamoja na daktari Théodore Simon, walitoa mwaka 1905 kipimo cha maswali na kazi 30, kuanzia kufuata kwa macho mwali wa kiberiti mpaka kueleza maana ya maneno. Nia yao ilikuwa kumtambua mtoto anayehitaji msaada bila kumwonea.

Binet hakuamini kwamba akili ya mtoto ni kiasi kilichofungwa tangu kuzaliwa. Katika kitabu chake cha mwaka 1909 aliwapinga waliosema hivyo. Alieleza mazoezi ya kujenga usikivu, kama mchezo wa sanamu: watoto wanatembea, mwalimu akitoa ishara kila mmoja anasimama kimya bila kutikisika. Alitaka mtoto ajifunze kwanza namna ya kujifunza.

Lakini kipimo hicho kilivuka bahari. Kule Marekani, Henry Goddard alikitafsiri, na hapo kikawa kama muhuri wa kupigwa kwenye paji la uso. Watu waliopata alama ndogo walihesabiwa kuwa hatari kwa taifa, na wengi walifungiwa katika nyumba za peke yao. Kipimo kilikuwa kimoja, ila kilijibu maswali mawili tofauti. Binet aliuliza: huyu tumsaidie namna gani? Wengine waliuliza: huyu tumtoe wapi? Tukitazama shule zetu na makanisa yetu, tutaona kwamba maswali hayo mawili bado yapo kati yetu.

Jambo la pili ni kusoma. Mwaka 1896 daktari Mwingereza, W. Pringle Morgan, aliandika juu ya Percy, mvulana wa miaka 14. Percy alikuwa mwerevu, aliweza hesabu, macho yake yalikuwa mazima, lakini kusoma kulimshinda kabisa. Hata jina lake aliliandika kwa kuchanganya herufi. Mwalimu wake alisema kama masomo yote yangekuwa ya mdomo, Percy angewapita wenzake wote shuleni. Hali hiyo leo inaitwa disleksia. Haitokani na uvivu wala na upungufu wa akili.

Miaka mingi baadaye, Lynette Bradley na Peter Bryant wa Oxford walipima watoto karibu 400 ambao hawakuwa wamejua kusoma. Waliwauliza juu ya sauti: katika maneno haya, lipi halifanani na mengine? Matokeo yao ya mwaka 1983 yalionyesha kwamba waliopata shida kusikia sauti ndani ya maneno ndio waliokuja kupata shida ya kusoma. Kisha walichagua 65 kati ya waliokuwa dhaifu na kuwagawa. Waliofundishwa kupanga maneno kwa sauti zake, huku wakishika herufi za plastiki mkononi, ndio walioendelea zaidi.

Walimu wetu wanaweza kufanya hivyo bila franga nyingi. Baba, bata, bega, kuku: lipi halianzi kama mengine? Herufi zinaweza kukatwa kwenye karatoni. Na kuna jambo linalotuhusu sana. Katika lugha ambazo herufi zinafuata sauti vizuri, kama Kiitaliano na Kijerumani, watafiti wameona kwamba mtoto mwenye disleksia mara nyingi anasoma sawasawa lakini polepole mno. Kiswahili chetu pia kinaandikwa namna hiyo. Kwa hiyo tusitazame makosa tu. Tumtazame pia yule anayesoma kama mtu anayetembea juu ya miiba. Huyo akifika kwenye Kifaransa, ambapo o, au na eau ni sauti moja, mzigo wake unakuwa mzito zaidi, naye anahitaji muda.

Wa tatu ni Lev Vygotsky, aliyefanya kazi Moscow na kufa mwaka 1934 akiwa na miaka 37. Alichunguza watoto vipofu, viziwi na wenye ulemavu wa akili. Alifundisha kwamba kilema chenyewe ni sehemu moja tu ya shida. Sehemu kubwa ni kufungiwa nje ya maisha ya wenzake. Tena alisema haitoshi kupima yale mtoto anayoweza peke yake. Pima pia yale anayoweza akisaidiwa, kwa sababu anachofanya leo kwa msaada, kesho atakifanya mwenyewe. Tuliposoma hayo tulimkumbuka Musa, mwenye ulimi mzito. Mungu hakumfukuza, wala hatusomi kwamba alimbadilisha ulimi pale pale. Alimpa Haruni, ndugu yake, asimame karibu naye.

Tusidanganyane, wapendwa. Utafiti hauahidi kwamba kila mtoto atapata asilimia 60. Kuna watoto ambao ulemavu wao utabaki, na hatua zao zitakuwa ndogo. Nao hatuachi kuwaombea. Lakini maombi hayakatazi kutazama masikio. Wanafunzi wa Yesu walipomwona kipofu tangu kuzaliwa, waliuliza nani alitenda zambi, yeye au wazazi wake. Bwana alikataa swali lenyewe.

Sheria ya inchi yetu nayo imesema. Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 41, inakataza kumshitaki mtoto uchawi, na sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inaweka azabu kwa anayefanya hivyo. Mchungaji hayuko nje ya sheria hiyo.

Basi tufanye nini mwaka wa masomo unapoanza? Mwalimu, kabla ya kusema mtoto hana akili, simama nyuma yake umwite kwa sauti ndogo. Mwulize anaona nini ubaoni. Mketishe mbele. Mpe nafasi ya kujibu kwa mdomo yale asiyoweza kuandika. Mweke karibu na mwenzake mvumilivu awe Haruni wake. Mzazi, mpeleke kituo cha afya kabla ya kumpiga fimbo. Shemasi na mchungaji, mama akikuletea mtoto kama huyo, omba pamoja naye, kisha umsindikize kwa muuguzi na kwa direkta.

Yule mvulana wetu alitibiwa, ingawa sikio moja halikupona. Anakaa dawati la mbele, upande wa sikio lake zima. Mwaka ule alipata asilimia 52. Jina lake liliposomwa, mama yake alikuwa na poda mkononi, na sisi tulikuwa tumesimama kando yake tukiomba msamaha moyoni.