Jibu Lililotangulia Swali

Mwaka huo nilikuwa mlezi wa klabu ya utafiti shuleni kwetu. Siku ya kwanza binti mmoja wa kidato cha pili akaniwekea daftari mezani. Ukurasa wa kwanza alikuwa ameandika kwa wino mwekundu: MITANDAO YA KIJAMII INAHARIBU VIJANA. Wa pili ulikuwa mtupu.

“Swali lako liko wapi?”

“Si hilo hapo, mwalimu?”

“Hilo ni jibu, mwanangu. Umepakua chakula na moto hujawasha.”

Alicheka, kisha akanuna. Nanyi mngenuna. Maneno yale ameyasikia nyumbani, kanisani na kwenye daladala, iweje mwalimu ayakatae?

Nikamsimulia habari za viazi. Mwaka 2019 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Oxford, Amy Orben na Andrew Przybylski, walichambua majibu ya vijana zaidi ya 355,000 wa Marekani na Uingereza. Walitaka kujua kama wanaotumia sana vifaa vya dijitali wana furaha pungufu. Wakakuta uhusiano upo, tena wa upande mbaya, ila mdogo mno: haukueleza zaidi ya asilimia 0.4 ya tofauti za ustawi kati ya kijana na kijana. Wakapima na mengine yaliyokuwa katika takwimu zilezile. Kula viazi mara kwa mara kulikaribia kiwango hicho. Kuvaa miwani kulikizidi. Kuonewa na wenzako kulikizidi kwa mbali.

“Kwa hiyo viazi vinaleta huzuni?” akauliza.

Hapo ndipo nilipomtaka afike. Jogoo huwika, kisha jua likachomoza, na hakuna anayesema jogoo ndiye aliyelivuta. Huenda simu ilimhuzunisha kijana. Huenda alihuzunika kwanza, ndipo akaikimbilia simu. Huenda pia jambo la tatu, ugomvi wa nyumbani tuseme, limezaa yote mawili.

Watafiti hutenganisha mambo hayo kwa bahati nasibu. Mwaka 2018, kabla ya uchaguzi wa Bunge la Marekani, watafiti waliwalipa watu wafunge akaunti zao za Facebook kwa wiki nne. Nayo bahati nasibu iliamua nani afunge na nani aendelee. Waliofunga walipata takriban saa moja zaidi kwa siku, wakakaa zaidi na ndugu na marafiki, wakajisikia nafuu kidogo. Lakini habari za nchi yao walizijua kwa uchache kuliko wenzao. Ungeliandikaje hilo kwa wino mwekundu?

Baada ya wiki mbili za kufuta na kuandika, swali lake likawa hivi: wanafunzi wa kidato cha pili wanaoingia mitandaoni baada ya saa nne usiku wakati wa likizo, je, wanalala saa chache kuliko wasioingia? Refu kama treni, lakini linapimika, na jibu lake linaweza kuwa “hapana”.

Akataka kuanza kwa kupekua simu ya kaka yake, kimyakimya. Nikamzuia kwa kisa kingine. Januari 2012, kwa wiki moja, Facebook iliwapunguzia baadhi ya watumiaji machapisho yenye maneno ya furaha, na wengine yenye huzuni, ili kuona kama nao wangebadili wanavyoandika. Walibadili, kwa kiasi kidogo sana. Watu 689,003 waliingizwa katika jaribio hilo bila kuambiwa. Matokeo yalipochapishwa mwaka 2014, lawama zilizuka, na kwa maoni yangu zilistahili. Kwa hiyo binti akaandika barua ya nusu ukurasa kwa wazazi wa wenzake, akaomba ridhaa yao na ya watoto wenyewe, na majina akayaficha kwa namba.

Likizo ikaisha akarudi na jedwali. Wa usiku walikuwa wamelala kidogo kuliko wengine, kama alivyotarajia. Ila aliyelala saa chache kupita wote hakuwa na simu kabisa: alikuwa akiamka saa kumi alfajiri kumsaidia mama yake kuchoma vitumbua. Binti alitamani kumwondoa kwenye jedwali kwa kuwa anamharibia hesabu. Tulibishana juu ya kijana huyo kuliko jambo jingine lolote. Mwishowe alimwacha, na akamwandikia aya yake peke yake.

Tatizo jingine alilokumbana nalo mnaweza kulijaribu leo. Wenzake walipotaja muda wanaokaa mtandaoni, walibahatisha tu, na ni wachache waliokaribia ukweli. Kwa hiyo usiku huu kadiria dakika zako, uandike namba hiyo kwenye karatasi. Ukishaiandika, ndipo ufungue mipangilio ya simu uone iliyohesabiwa.