Sarafu za Kale: Si Kila Rupia ni Mali

Kwa miaka mingi umekuwepo uvumi katika masoko ya hapa nchini kwamba rupia ya Mjerumani hununuliwa kwa mamilioni ya shilingi, na kwamba mwenye nayo hana haja ya kuhangaika tena na maisha. Wapo waliotoa akiba yao yote kununua sarafu moja kutoka kwa mtu waliyekutana naye njiani, kisha wakabaki kumsubiri mnunuzi tajiri ambaye hatokei.

Hali halisi ya soko ni tofauti. Sarafu za kale ni kitega uchumi kinachokubalika duniani, na ipo minada inayoendeshwa kwa ajili yake peke yake. Lakini bei katika minada hiyo haitokani na uzee wa sarafu. Inatokana na madini yaliyomo, uchache wa sarafu zenyewe na hali iliyonayo siku inapopelekwa sokoni.

Mfano mzuri ni reale ya Maria Theresa, ambayo wazee wa pwani waliitumia katika biashara ya karafuu na pembe za ndovu. Sarafu hiyo ina mwaka 1780, ndio mwaka aliofariki malkia huyo wa Austria. Anayeiona kwa mara ya kwanza hudhani ameshika kitu cha zaidi ya karne mbili. Kumbe wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu na Afrika Mashariki walikataa sarafu yenye mwaka mwingine wowote, hivyo Vienna ikaendelea kuifua kwa mwaka ule ule. Katika karne ya 20 ilifuliwa pia Rome, London na Bombay. Reale nyingi zilizopo mitaani ni za kipindi hicho cha baadaye, na thamani yake haipishani sana na ile ya fedha iliyomo ndani.

Fedha hiyo inapimika. Reale halisi ina uzito wa gramu 28.07, na katika hizo gramu 23.4 ni madini ya fedha, yaani robo tatu ya aunsi. Rupia moja ya Kijerumani ina uzito wa gramu 11.66, na fedha iliyomo ni kama theluthi ya aunsi. Kwa hiyo mfanyabiashara akijua bei ya aunsi ya fedha katika soko la dunia siku hiyo, anaweza kupiga hesabu akiwa pale pale kwa sonara kabla hajafungua pochi. Sonara naye atatoa chini ya hapo, maana ana gharama ya kuyeyusha na anatafuta faida yake.

Shilingi za zamani za Afrika Mashariki, zile zenye simba mbele ya milima, nazo zinahitaji macho. Zilizofuliwa kuanzia 1921 hadi 1946 zina fedha asilimia 25, kiasi kwamba zinahitajika kama 16 kupata aunsi moja. Za kuanzia 1948 hazina fedha hata chembe, ingawa mfalme ni yule yule na simba ni yule yule. Muuzaji akizichanganya katika kopo moja na kutaja bei moja, inafaa mnunuzi azimwage mezani na kusoma miaka.

Uchache nao una hesabu yake. Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilianza kutoa rupia mwaka 1890, zikiwa na picha ya Kaisari Wilhelm wa Pili amevaa kofia yenye tai. Rupia moja ilifuliwa kwa miaka mingi, hivyo zimebaki nyingi. Rupia mbili zilifuliwa 1893 na 1894 tu. Sura ni ile ile na madini ni yale yale, lakini katika mnada rupia mbili huuzwa kwa bei inayozidi kwa mbali uzito wake.

Inayotafutwa zaidi kuliko zote ni ile ya Tabora. Mwaka 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani walikuwa wamezingirwa na meli za Waingereza baharini na hawakuweza kupata fedha kutoka kwao. Wakaanza kufua sarafu katika karakana ya reli huko Tabora. Zilitoka senti za heller 5 na 20, zile za heller 20 kwa wingi kiasi kwamba hadi leo ni za bei nafuu. Pamoja nazo ikatoka sarafu ya dhahabu ya rupia 15, yenye tembo mbele ya mlima, iliyofuliwa kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke. Zilifuliwa kama 16,000 tu. Mnamo Septemba mwaka huo majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo yakauteka mji.

Sarafu hiyo ina dhahabu safi gramu 5.4 hivi, lakini wakusanyaji hulipa zaidi ya bei ya dhahabu hiyo. Na kwa kuwa inajulikana hivyo, ndiyo inayoghushiwa. Anayeletewa tembo wa Tabora na mtu asiyemfahamu, tena kwa bei ya kutupa, ajiulize kwa nini mwenye mali hakuipeleka mnadani. Mizani ya sonara ndiyo iwe ya kwanza kuulizwa: uzito unaotakiwa ni gramu 7.17. Sumaku husaidia kidogo tu, kwa sababu shaba nayo hainaswi.

Jambo linalowatia hasara wengi hapa kwetu ni usafi. Mtu akipata sarafu nyeusi huisugua kwa limau na majivu, au kwa dawa ya kung'arishia shaba, mpaka imeremete. Mkusanyaji anapoiona hupunguza bei papo hapo, wakati mwingine zaidi ya nusu, kwa kuwa ule weusi ndio ushahidi kwamba uso wa sarafu haujaguswa. Sarafu iliyotobolewa au kuchomelewa kikuku ili ivaliwe shingoni huwa imerudi kuwa chuma cha sonara. Reale nyingi za pwani zimepita njia hiyo, na hakuna wa kulaumiwa, kwani wakati huo zilikuwa mapambo na mahari.

Sasa liko suala la muda. Sarafu hailipi riba wala gawio. Hatifungani ya serikali humpa mwenye nayo riba kila miezi sita, lakini sarafu hulala sandukuni ikisubiri bei. Dhahabu ilifika dola 850 kwa aunsi Januari 1980, na aliyenunua siku hiyo alisubiri hadi 2008, miaka 28, kuiona bei hiyo tena. Fedha nayo ilikaribia dola 50 mwezi ule ule, na kabla Machi haijaisha ilikuwa chini ya dola 11.

Juu ya hapo kuna tofauti ya bei ya kununua na kuuza. Tuseme mtu amenunua rupia kwa shilingi 100,000 dukani, na duka hilo hilo kesho yake linairudisha kwa 70,000. Ili arudishe fedha yake, bei lazima ipande kwa takriban asilimia 43. Mnadani ng'ambo kuna kamisheni, posta na bima. Kwa sababu hiyo ada ya shule ya Januari au mtaji wa duka si fedha za kuweka katika sarafu. Inayofaa ni ile ambayo mwenyewe hataihitaji kwa miaka 10 au zaidi.

Mwenye kumudu hayo anafaidika na jambo moja. Shilingi ya Tanzania ilipoanza kutumika mwaka 1966, dola moja ya Marekani ilikuwa shilingi 7 na senti 14. Leo dola hiyo inahitaji zaidi ya shilingi 2,000. Aliyeacha noti chini ya godoro tangu wakati huo hana kitu, ila aliyeacha reale ana robo tatu ya aunsi yake kama alivyoiweka.

Mwisho ni sheria. Sarafu ndogo za shaba za masultani wa Kilwa, ambazo mvua na mawimbi huzifukua ufukweni, zinavutia wageni. Lakini Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, na kuvichimba au kuvitoa nje ya nchi bila kibali ni kosa. Anayeuziwa sarafu ya Kilwa kwa maelezo kwamba ataipeleka Ulaya akapate dola anauziwa kesi. Rupia na heller zilikuja baada ya mwaka huo, lakini hata hizo ziwe na risiti, jina la muuzaji na tarehe, kwani wanunuzi wa minada huuliza sarafu ilikotoka kabla ya kutaja bei.